Mnyoo Aliyefutwa

Profesa Tusajigwe Mwalukasa alianguka kifafa akiwa katikati ya kumdhalilisha naibu wake.

Walikuwa ukumbini, makao makuu ya Tume ya Utambuzi, jijini Mbeya, na naibu huyo, Dokta Filemoni Kisuda, alikuwa amethubutu kupendekeza kwamba madaktari wa wilayani waruhusiwe kuyahoji majibu ya Jicho. Profesa alimtazama kama mtu anavyotazama kilichonata chini ya kiatu.

"Daktari wa wilayani," alisema, "ni mtu aliyeshindwa kuwa daktari wa mjini. Sasa wewe unataka aliyeshindwa amsahihishe asiyeshi—"

Neno halikuisha. Mkono wake wa kulia ulianza kucheza peke yake juu ya meza, mdomo ukaenda upande, na mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akipiga chafya akaanguka chali, viatu juu, povu likimtoka. Kwa muda hakuna aliyesogea. Walimwogopa hata akiwa sakafuni. Hatimaye Kisuda alikivuta kiti kando Profesa asije akajigonga kichwa, lakini kwanza aliangaza huku na huku kuona ni nani anamwona akitenda wema.

Wakamkimbiza Hospitali ya Ubongo ya Loleza, wakamlaza mbele ya Jicho.

Jicho lilikuwa chumba cheupe, na kila hospitali ya nchi ilikuwa na chumba kama hicho. Mgonjwa aliingia, akalala, na chumba kikamsoma kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha kikatamka ugonjwa wake kwa sauti ya upole, sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuugua. Kilichotamkwa na Jicho ndicho kilichokuwa ugonjwa. Daktari aliyetibu kinyume chake alinyang'anywa leseni. Sheria ndivyo ilivyosema, na sheria hiyo aliiandika Profesa Mwalukasa kwa mkono wake, kwa kuwa aliwadharau madaktari karibu sawa na alivyowadharau wagonjwa.

"Uvimbe wa ubongo," Jicho lilisema. "Daraja la pili. Matibabu: chembe tafunaji."

Chembe tafunaji, watu waliziita mchwa. Zilikuwa mashine ndogo kuliko tone la ukungu. Ziliingizwa kwenye mshipa wa mkono, zikapanda na damu hadi kichwani, zikautafuna uvimbe mpaka ukaisha. Profesa aliisikia hukumu hiyo na, baada ya hofu ya kwanza, akahisi kitu kilichofanana na fahari. Uvimbe wa ubongo ulikuwa ugonjwa wa watu wenye ubongo. Alianza kutunga kichwani tangazo la kuugua kwake.

Siku iliyofuata asubuhi aliingia daktari mwembamba, mwanamke wa makamo, koti lake jeupe likiwa limefuliwa mpaka likawa na rangi ya uji.

"Shikamoo, Profesa."

Profesa hakuitikia. Aliona kuitikia ni anasa.

"Mimi ni Dokta Sekela Mwaipungu. Naomba niseme jambo moja tu. Huu si uvimbe."

"Jicho limesema ni uvimbe."

"Jicho linasema linachokijua." Sekela alikigeuza kioo cha ukutani, picha ya ubongo wa Profesa ikatokea, kijivu na yenye mikunjo. "Tazama hapa. Kifuko cha maji, cha mviringo, mpaka wake umenyooka. Uvimbe hauna adabu ya namna hii. Na ndani ya kifuko, pembeni, kuna nukta. Hiyo nukta ni kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mnyoo. Tegu wa nguruwe."

Profesa alicheka, kicheko kifupi kama cha mtu anayefukuza nzi. "Tegu hayupo nchini. Nilimfuta mimi mwenyewe."

Na kweli alimfuta. Wanunuzi wa nyama wa ng'ambo walikuwa wametaka nchi isiyo na tegu, naye akawapa. Vijiji vilipimwa harakaharaka, matokeo mabaya yakaitwa makosa ya upimaji, kisha Profesa akatangaza kwamba tegu ametoweka. Ili asitokee mpumbavu wa kuharibu biashara, akaamuru jina la mnyoo huyo liondolewe kwenye kumbukumbu ya Jicho. Tangu siku hiyo, kila kitu cha mviringo kilichoonekana kichwani mwa mtu kilipaswa kuwa kitu kingine. Kikawa uvimbe.

"Mimi sili kitimoto," Profesa alisema. "Ni chakula cha walevi. Ni mpishi wangu. Mpimeni yule mzee, ana mikono michafu."

"Tumewapima wote wa nyumbani kwako, tangu jana jioni. Mzee Mbaruku hajawahi kumgusa nguruwe maishani mwake, na ni mzima. Mwenye mnyoo tumboni ni wewe." Sekela aliinamisha macho, si kwa woga, ila kwa kumstahi. "Ulikula nyama yake mara moja, Profesa. Nchi nzima iliona."

Profesa akakumbuka. Sherehe ya kumzika tegu, uwanjani. Nguruwe mzima juu ya makaa, kamera zikiwa zimemzunguka kama nyuki, wageni wakiwa na haraka ya ndege, na mchomaji akilalamika kwamba bado, bado kidogo. Profesa alikuwa amemwambia afunge mdomo wake na akate. Alikula pande la kwanza, jekundu katikati, akatabasamu.

"Nyama mbichi humpa mtu mnyoo wa tumboni," Sekela aliendelea. "Huyo anaweza kukaa humo miaka bila kelele. Mayai yake yakitoka, yakirudi mdomoni kwa mkono ambao haukunawa vizuri, ndiyo hupanda mpaka kichwani."

"Mkono wa nani?"

Sekela aliitazama mikono ya mgonjwa wake. Profesa alijitazama viganja, vile viganja vilivyopakwa mafuta ya waridi, kisha akavificha chini ya shuka.

"Mchwa wakiingia, itakuwaje?"

"Watakitoboa kifuko. Maji ya mnyoo yatamwagika, ubongo utavimba. Wengine hufa. Wengine hubaki bila maneno. Jicho huwaandika 'uvimbe sugu' na kuendelea na mwingine. Nimewaona wengi. Nilikuja ofisini kwako mara mbili kukueleza."

Hilo pia alilikumbuka. Alikuwa amewaambia walinzi: mtoeni huyu binti wa minyoo.

"Dawa yake?"

"Vidonge. Vya jamii ile ile tunayowapa watoto shuleni, kwa dozi kubwa, pamoja na dawa ya kutuliza ubongo. Basi."

Profesa akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. "Nipe vidonge. Kwenye taarifa uache uvimbe."

"Kwako naweza kufanya hivyo kwa siri, na utapona. Lakini wodi ya chini yuko mama mmoja, Tunsume Nzowa, mfugaji wa nguruwe kutoka Ilolezya. Picha yake na yako ni kama mapacha. Jicho limempangia mchwa Jumatatu. Siruhusiwi kumpa hata kidonge kimoja mpaka ugonjwa urudishwe kwenye kumbukumbu. Na sheria ya kuurudisha unaijua."

Aliijua. Aliye na madai ya tegu sharti alete mbele ya Tume mnyoo mzima aliyetolewa kichwani, mgonjwa atajwe jina hadharani, nyumba yake iwekewe kibao, na mifugo ya kijiji chake ichinjwe na kufukiwa. Profesa aliiweka aibu ndani ya sheria makusudi, kama mtu anavyopanda miiba juu ya ukuta. Hakuna aliyewahi kuuruka.

"Basi atajwe huyo mama," alisema. "Mfugaji wa nguruwe ana jina gani la kupoteza?"

"Nimemwomba. Amekataa."

"Umemwomba vibaya. Nyie hamjui kuzungumza na watu wa aina hiyo."

Aliteremka mwenyewe, kichwa amekifunga kilemba cha hariri kuficha mahali alipopasuka alipoanguka. Wodi ya chini ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na machungwa. Tunsume Nzowa alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa kipara tayari kwa Jumatatu, akimenya chungwa kwa kidole gumba. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho yasiyo na haraka.

"Karibu, mama," alisema. "Kaa."

Profesa hakukaa. Alimweleza kwa maneno mafupi, kama anayeongea na mtoto mgumu wa kuelewa. Alichonacho si uvimbe bali ni mnyoo. Akikubali kutajwa, atatolewa mnyoo huyo, atapona, arudi kwao.

"Dokta Sekela alishaniambia. Na nguruwe?"

"Watafukiwa."

"Wa kwangu?"

"Wa kijiji kizima."

"Halafu mimi nirudi kwao hao niliowafukia mali yao." Tunsume aliitoa kokwa mdomoni akaitazama. "Nina binti anaposwa. Itasemwa mama yake ana funza kichwani. Hapana. Afadhali nife na uvimbe wangu, nizikwe kwa heshima."

Profesa alishtuka. Yalikuwa mawazo yake mwenyewe, neno kwa neno, na sasa yalikuwa yanamtoka mdomoni mwanamke aliyeishi na nguruwe. Akakasirika kama aliyeibiwa.

"Mtu mwenye akili hachagui kufa kwa ajili ya aibu."

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha ikaja sheria yako, mama, ikageuza. Siku hizi anayeumbuka ni anayeyataja." Tunsume alimtazama kilemba, kisha vazi la hospitali. "Hata wewe wamekulaza. Una nini?"

"Uvimbe," Profesa alisema.

"Ahaa."

Hiyo ahaa ilikuwa fupi na pana. Tunsume aliligawa chungwa lililobaki vipande viwili.

"Pole sana. Basi tuko sawa, hospitali nzima ina uvimbe. Chukua."

Kipande cha chungwa kilikaa hewani kati yao, juu ya kiganja chenye nyufa. Profesa alikitazama kiganja hicho, wala hakunyoosha mkono.

"Unaogopa mkono wangu," Tunsume alisema, akacheka bila uchungu, akakila mwenyewe.

Profesa alipanda ngazi akiwa hajiwezi kwa hasira. Ingependeza kusema kwamba huruma ilimwingia njiani. Haikumwingia; huruma hakuwa nayo ya kutosha hata yeye mwenyewe. Kilichomkaba ni kwamba amemwogopa mtu akamdanganya, na mtu huyo akaujua uongo ule, na badala ya kumsuta akamwambia pole. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiwatazama watu kutoka juu. Leo ametazamwa kutoka juu na mfugaji wa nguruwe aliyeketi kitandani na maji ya chungwa kidevuni.

"Nitoe mnyoo huyu," alimwambia Sekela. "Mzima. Usimkwaruze."

"Ni kinyume cha agizo la Jicho, na upasuaji haufichiki kama vidonge. Nitapoteza leseni."

"Mkuu wa Tume ana ruhusa ya kuchagua tiba yake mwenyewe. Nilijiwekea mlango wa nyuma. Ulidhani sheria kama ile ningeiandika na mimi nikiwa ndani yake?"

Sekela alipasua kwa mkono, jambo ambalo madaktari wengi wa umri wake hawakujua tena kulifanya. Profesa alikuwa macho muda wote, ganzi kichwani, akilalamika kwamba taa ni mbovu na muuguzi anapumua kwa nguvu. Kisha Sekela akakiinua kwa koleo kitu kama punje ya lulu iliyojaa maji, akakitumbukiza kwenye chupa yenye nyongo ya ng'ombe ya vuguvugu.

"Nyongo humdanganya," alisema. "Anadhani amefika tumboni mwa mtu."

Walingoja. Punje ilitikisika. Kisha upande mmoja ukafunguka, na kichwa kikachomoza, chembamba, chenye taji la vijindoano, kikijinyoosha na kupapasa kioo cha chupa kama kinatafuta mahali pa kukaa.

Profesa alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amemlisha mgeni yule kwa miaka, akamlaza mahali alipohifadhi maneno yake yote ya kejeli. Alitapika kwenye beseni, kisha akataka kitambaa cha kujifutia mdomo, kisafi, si kile cha kwanza.

Jumatatu asubuhi, Tume ilikaa, na kama sheria ilivyotaka, kikao kilirushwa hewani nchi nzima. Kitini pa mwenyekiti alikuwa Dokta Kisuda, amevaa suti mpya. Profesa aliingia akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na Sekela, chupa ikiwa mapajani.

"Jina la mgonjwa ni Tusajigwe Mwalukasa," alisema bila kuombwa. "Ugonjwa, tegu wa nguruwe ubongoni. Sikuja kutafuta huruma zenu, mkinipa nitazikataa. Rudisheni jina la mnyoo huyu kwenye kumbukumbu, na mchwa wa leo wasimamishwe."

Kisuda alikohoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa kiti cha juu kuliko Profesa, na ilionekana anaionja hali hiyo polepole.

"Tunampa pole Profesa. Lakini ni mtu aliyetoka kupasuliwa ubongo. Kauli ya mtu kama huyo haiwezi kupokelewa. Kanuni ni yake mwenyewe."

"Ndiyo maana nimemleta mnyoo."

"Na sampuli yoyote," Kisuda alisema kwa utamu, "sharti isomwe na Jicho. Hiyo pia ni kanuni yake."

Ikaletwa sahani nyeupe ya Jicho, ile ya kusomea sampuli. Chupa ikawekwa juu yake. Kamera zikasogea. Katika kila nyumba, kila baa, kila kituo cha mabasi, watu wakamwona mnyoo amejaa kwenye kioo, mkubwa kama mkono wa mtu, akikunjuka na kukunjika, taji lake la vijindoano likifunguka na kujifunga.

"Uvimbe wa ubongo," Jicho lilisema kwa upole. "Daraja la pili. Matibabu: chembe tafunaji."

Kisuda aliisogelea sahani.

"Rudia," Kisuda alisema.

"Uvimbe wa ubongo," Jicho lilirudia, na mnyoo akainua kichwa kana kwamba ameitwa. "Mgonjwa asile chochote kabla ya matibabu. Mgonjwa asiwe na wasiwasi."

Aliyeanza kucheka alikuwa mpiga kamera. Alijaribu kukizuia kicheko, kikamtoka puani. Kisha akacheka mlinzi wa mlangoni, kisha safu ya nyuma, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwingine. Walicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko baadhi yao wakaanza kulia kwa kweli, kwa sababu walikuwa wamekumbuka mtu.

Profesa pekee hakucheka. Alikuwa akiisikiliza sauti ile ya upole, isiyo na shaka, isiyosikiliza, na akaitambua. Ilikuwa ya kwake.

Kisuda alikuwa mwepesi wa kunusa upepo. Kabla kicheko hakijaisha alikuwa amesimama, amepiga meza, ametangaza kwamba tangu zamani yeye binafsi alikuwa na mashaka. Mchwa wakasimamishwa nchi nzima. Jina la mnyoo likarudishwa. Sehemu ya sheria iliyohusu kufukia mifugo ikafutwa kwa kura, ila ile ya kumtaja mgonjwa na kuiwekea nyumba yake kibao waliiacha kwanza, mpaka Profesa naye awekewe chake. Katika hilo hakuna mjumbe aliyepinga.

Tunsume Nzowa alipewa vidonge, akakaa wodini chini ya uangalizi mpaka kichwa kikatulia, akafungasha vitu vyake. Hakupanda ghorofani kushukuru. Alimwambia tu Sekela, "Mwambie yule mama angechukua chungwa. Lilikuwa tamu."

Tatizo lililobaki lilikuwa la picha. Jicho lilikuwa limehifadhi picha za ubongo za watu wote waliowahi kuingizwa mchwa, na familia zao sasa zilitaka kujua. Lakini hakukuwa na mtu wa kuzisoma. Kwa miaka yote ile hakuna chuo kilichofundisha kusoma picha, maana kulikuwa na haja gani? Waliobaki wakijua ni wazee wachache waliostaafu, na Sekela, na Profesa Mwalukasa, aliyeuondoa ujuzi huo vyuoni.

Kwa hiyo Sekela alileta kioo nyumbani kwa Profesa, akakisimika barazani, na watu wakaanza kuja.

Profesa hakuwa mpole kwao. Aliwaambia wasiegemee ukuta, waongee kwa zamu, wasilie juu ya kioo. Wa kwanza alikuwa fundi seremala aitwaye Ezroni Mwashambwa, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliivua kofia, akataja jina la mke wake, Syabumi, akasema alikufa siku chache baada ya mchwa, akimwita yeye Ezroni kwa jina la kaka yake.

"Nataka kujua alikuwa na nini."

Picha ilifunguka. Profesa alikuwa na sentensi tayari, aliyoiandaa usiku: kwamba kitaalamu si rahisi kuthibitisha baada ya muda mrefu, kwamba mambo mengi huchangia. Aliifungua midomo aiseme. Kisha akakiona kifuko, mviringo safi, na nukta pembeni. Hata mwanafunzi angekiona.

"Alikuwa na mnyoo," alisema.

"Angepona?"

"Kwa vidonge."

Seremala alikigusa kioo kwa ncha ya kidole, pale penye nukta. "Nani aliufuta ugonjwa huu?"

"Mimi."

Ezroni Mwashambwa alimtazama bila haraka, kuanzia kilemba mpaka kandambili. Profesa aliyajua macho ya namna hiyo. Alikuwa ameyatumia kwa watu maisha yake yote, ila hakuwahi kusimama upande huu wake. Mwanamume yule aliinama, akatema mate sakafuni, karibu kabisa na mguu wake, akavaa kofia, akaondoka.

Sekela alinyanyuka kuchukua tambara.

"Acha," Profesa alisema. "Ita mwingine."

Mwanamke aliyefuata aliyaruka mate yale, akaketi, akataja jina la mwanawe.